Bikira Maria Aliyevaa Sari

Tazameni picha ya Bikira Maria iliyo ukutani nyumbani mwenu. Pengine ina uso mweupe na macho ya buluu. Je, ndivyo alivyokuwa binti wa Nazareti, mji ulioko Asia? Wachoraji wa Italia na wa nchi nyingine za Ulaya walimchora kwa sura na mavazi ya wanawake wa miji yao, ili watu wao wamwone kuwa ni mama yao. Hawakumkosea adabu. Basi, na mataifa mengine je?

Mtu mmoja alilijibu swali hili kwa brashi, na jibu lake likamgharimu. Jina lake ni Angelo da Fonseca. Alizaliwa mwaka 1902 katika kisiwa cha Santo Estêvão, huko Goa, pwani ya magharibi ya Uhindi. Wareno walianza kuitawala Goa mwaka 1510, wakaondolewa mwaka 1961, na Ukatoliki ulitia mizizi huko.

Kijana huyo aliingia shule ya sanaa ya Sir J. J. mjini Bombay, iliyofundisha uchoraji wa Kizungu. Moyo wake haukutulia. Akasafiri mpaka Santiniketan, katika Bengal, akajifunza kwa Abanindranath Tagore, mmoja wa waliofufua uchoraji wa kale wa Kihindi. Huko alijifunza mistari myembamba, na rangi za maji zinazooshwa tena na tena mpaka zikalainika kama ukungu wa asubuhi.

Kisha akaunganisha elimu hizo mbili. Kutoka Ulaya alichukua mambo yaliyozoeleka makanisani, kama Mama na Mtoto. Kutoka kwao alichukua sari, miguu mitupu, na watu walioketi chini. Hata duara la nuru kichwani halikuwa jambo geni, maana Wahindi nao walilichora tangu kale.

Aliporudi Goa, wengi walichukizwa. Mama wa Mungu kuvaa sari! Ikambidi aondoke, akaenda Pune, akaishi katika makao ya sala ya Kianglikana. Hakuacha kuchora mpaka alipofariki mwaka 1967. Leo picha zake nyingi zinatunzwa huko huko Goa, katika kituo cha historia cha Mapadre Wajesuiti.

Naye alikuwa bado hai Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotamka kwamba Kanisa halikujichagulia mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake, bali hupokea sanaa ya kila taifa, mradi iheshimu ibada takatifu.

Hata Afrika Mashariki jambo hili limefanyika. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora maisha ya Yesu katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu na nchi alizochora ni za Kiafrika.

Basi, ndugu zangu wa Chidya, Masasi na Newala, fundi wa Kimakonde akimchonga Bikira Maria katika mpingo, amefunga kanga na kumbeba Mtoto mgongoni, msifanye haraka kumcheka. Jiulizeni kwanza: je, fundi huyu ameijua vema kazi yake, kama Fonseca alivyojifunza pande zote mbili? Na je, sanamu hii yanivuta kusali? Kama ndivyo, ipokeeni nyumbani. Mkataa kwao ni mtumwa.