Chama Hakiji na Lori la Mafundi

Kila nyumba kuukuu inapobomolewa mjini Kisii ili ghorofa isimame, swali moja hunifikia hata kabla mabati ya kuzungushia ploti hayajapigwa misumari: "Chama cha wafanyakazi kikiingia hapo, vijana wa mtaa wa Nyanchwa si watakosa kazi?" Nimeulizwa kwenye baraza la chifu, nimeulizwa matangani, nimeulizwa ndani ya matatu ya Keroka nikiwa nimeshaanza kusinzia. Anayeuliza huwa na uhakika kuliko mimi ninayejibu. Kazi yangu ni mahusiano ya kazini, nashauri wanakandarasi asubuhi na wafanyakazi jioni, na swali hili limenichosha. Nalijibu hapa kwa maandishi ili atakayerudi nalo nimpe gazeti na niendelee na shughuli zangu.

Imani yenyewe inakwenda hivi. Chama kina watu wake. Mwanakandarasi akishapatana nacho, mafundi wataletwa kwa lori kutoka Nairobi au Kisumu, na kijana wa Nyanchwa atabaki nje ya geti akihesabu mifuko ya saruji inayoingia. Kwa hiyo, wanasema, anayewapenda wa kwao akipinge chama na adai "kazi kwa wenyeji".

Hakuna chama cha ujenzi nchini Kenya chenye uwezo huo. Kwa sheria yetu anayeajiri ni mwanakandarasi, na nguvu ya chama inatoka kwa watu ambao tayari wameajiriwa. Soma kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007: mwajiri analazimika kukitambua chama pale kinapowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kujiunga. Wanaohesabiwa ni waliomo kwenye daftari lake, na wanachama walioko Nairobi kwa mwajiri mwingine hawaongezi hata kichwa kimoja. Mwanakandarasi akiwa na watu 60, na 40 kati yao wanatoka Nyanchwa, Mwembe na Jogoo, chama bila hao 40 hakina mahali pa kuketi. Wanachama wanaoogopwa kwamba watakuja, ndio hao hao wanaoogopa.

Wala hakuna anayelazimishwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Kifungu cha 36 kinakataza mtu kushurutishwa kujiunga na muungano wa aina yoyote. Mwanakandarasi atakayetundika bango la "kazi kwa wanachama pekee" amevunja Katiba, na atakayetundika la "wanachama hawatakiwi" ameivunja vilevile. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema waziwazi, katika kifungu cha 46, kwamba uanachama wa chama si sababu halali ya kumfuta mtu kazi.

Hofu hii basi imetoka wapi? Mimi nashuku Minnesota, Marekani. Watu wa Gusii ni wengi kule, na wanapiga simu nyumbani. Mjomba anaeleza kwamba huko fundi anayetaka kazi ya mjengo anajiandikisha kwenye ofisi ya chama, na chama ndicho kinachomtuma saiti. Hadanganyi, katika fani nyingi za ujenzi zenye vyama Marekani mambo yako hivyo. Ndiyo maana kule ugomvi ni mkali. Februari 2022 Rais Joe Biden alitoa agizo kwamba miradi ya ujenzi ya serikali ya kitaifa ya kuanzia dola milioni 35 iwe na mkataba na vyama, na kampuni zisizo na vyama zikalia kwamba zinafungiwa nje. Zamani zaidi, Wamarekani weusi waliona majengo yakipanda katika mitaa yao huku vyama vya mafundi vikiwanyima nafasi, mpaka serikali ya Rais Nixon ikaleta Mpango wa Philadelphia mwaka 1969, uliowataka wanakandarasi wa miradi ya serikali wajiwekee malengo ya kuwaajiri. Kwa hiyo hofu ya "chama kitawafungia nje wenyeji" ina mizizi ya kweli. Ila mizizi hiyo iko Philadelphia, na sheria inayoimwagilia maji haijawahi kupandwa Kenya.

Wazee wetu wa Gusii wangeielewa hali ya hapa bila wakili. Walikuwa na risaga: majirani wakikusanyika kulima shamba la mmoja wao, kisha la mwingine. Hakuna aliyeuliza kama risaga ingeleta watu wa kuwapokonya majirani jembe, kwa kuwa risaga ilikuwa majirani wenyewe.

Sasa tuzungumze juu ya anayewafungia nje vijana kwelikweli. Ni bei. Mwanakandarasi huleta kundi kutoka mbali kwa sababu linalala humo humo saiti, kwenye kibanda cha mabati, juu ya karatasi za saruji. Halina msiba wa kuhudhuria Alhamisi. Halina kaka wa kwenda kulalamika kwa chifu. Na likikubali kulipwa pungufu, hakuna jirani atakayejua. Chama kinapofunga mkataba wa pamoja, kifungu cha 59 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinaufanya uwabane mwajiri na wafanyakazi wake wote wanaostahili, mwanachama na asiye mwanachama. Fundi wa Nyanchwa na fundi wa mbali wanalipwa sawa kwa kazi sawa. Hapo mwanakandarasi anaanza kupiga hesabu za nauli na malazi, na ghafla kijana anayekuja kwa miguu akiwa ameshakunywa chai kwao anakuwa wa bei nafuu. Kitu kinachodaiwa kuwaondoa wenyeji ndicho kinachowapa nafasi. Nimelieleza hili hadi sauti ikakauka.

"Kazi kwa wenyeji" kama inavyofanywa huku nayo naijua vizuri, maana mara nyingi naitwa ikishaharibika. Vijana wanapanga mawe barabarani. Lori la kokoto linarudi. Mwakilishi wadi anafika, anatoa hotuba, na orodha ya majina inaandikwa. Mara nyingi kuna mtu aliyechukua chochote ili jina liandikwe. Waliomo wanapewa kuchimba msingi na kubeba mchanga, kazi za mtu wa mkono, kwa malipo ya siku. Msingi ukiisha, orodha imeisha. Inapofika zamu ya kufunga nondo, kuweka nyaya, mabomba na vigae, wanaitwa mafundi wenye vyeti kutoka kwingine, na vijana wanarudi kupanga mawe. Hakuna maandishi yaliyobaki ya kumdai mtu. Ahadi ya mwanasiasa haisajiliwi mahakamani. Mkataba wa pamoja unasajiliwa, katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na ukishasajiliwa unashtakika.

Kuna jibu ambalo hunirukia hapo: "Lakini sisi ni vibarua tu, chama ni cha walioandikwa." Hapa ndipo pesa yenyewe inapopotelea. Nilipewa wakati mmoja daftari la foremani nilikague, lile la mistari lenye jalada gumu, kurasa zimejaa alama za vidole vya saruji. Kijana mmoja alikuwa ameandikwa kwa jina la baba yake kwa wiki nne kasoro siku. Siku mbili hakuwepo. Kisha akatokea mtu mpya mwenye jina la ubatizo, akalipwa wiki nne kasoro siku. Nambari ya kitambulisho ilikuwa ile ile. Foremani alinitazama kwa utulivu wa mtu anayeamini amegundua dawa: "Tunawapumzisha kidogo, wasifikishe mwezi."

Dawa hiyo haitibu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kina njia mbili. Ya kwanza ni kibarua kufanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla zinafika mwezi. Siku moja ya mapumziko baada ya kila siku sita inahesabiwa ndani, na sikukuu pia. Ya pili wengi hawajaisoma: kama kazi yenyewe haitarajiwi kumalizika kabla ya siku za kazi zinazofika miezi mitatu kwa jumla. Nionyeshe ghorofa ya orofa nne inayomalizika kabla ya hapo, nami nitakuonyesha jengo la kuhamwa haraka. Katika hali zote mbili mkataba unachukuliwa kuwa wa malipo ya mwezi, na wa kuvunjwa kwa notisi. Akiendelea mfululizo hadi miezi miwili tangu siku aliyoanza, anastahili masharti ambayo angepewa kama hangeanza kama kibarua. Kumbadilisha jina katikati hakumpunguzii siku. Kunamwongezea mwajiri kosa la kuficha. Na anayefichwa hivyo hakatiwi mchango wa uzeeni wa NSSF, wala asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, wala asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba inayoambatana na nyingine kama hiyo kutoka kwa mwajiri. Anajenga nyumba, na kwenye hesabu za serikali hayupo.

Tahadhari moja, kwa sababu wanasheria wa waajiri wanaijua: kazi ya kipande ni mlango mwingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya kampuni ya chumvi ya Krystalline, ilimtenganisha kibarua wa siku na anayelipwa kwa kipimo cha kazi, ikasema kifungu cha 37 ni cha kibarua. Kwa hiyo ukiambiwa Jumatatu kwamba kuanzia leo utalipwa kwa idadi ya mawe uliyopanga, jua kuna mtu aliyesoma hukumu hiyo.

Wanaosema vibarua hawawezi kujipanga nawapeleka Mombasa. Mgomo mkuu wa Januari 1947, uliosimamisha bandari na reli, ulijaa vibarua wa siku. Chege Kibachia aliyewaongoza baada ya hapo alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini Kabarnet, lakini katika miaka ya 1950 bandari iliachana na mtindo wa kuokota watu getini kila asubuhi, ikawa na wapakuzi waliosajiliwa. Walianza wakiwa na kidogo kuliko vijana wetu wa leo.

Sivitetei vyama kwa kila jambo. Kuna maafisa wanaokumbuka saiti siku ya makato pekee, na ambao hawangetofautisha timazi na pima maji. Mwanachama ana haki ya kuwauliza pesa zake zimefanya nini, na kuwang'oa kwa kura. Na kwa kuwa Nyanchwa ni kitovu cha Waadventista, nataja jambo ambalo wengi wananinong'oneza: kanisa lao kwa muda mrefu limewashauri waumini wajihadhari na vyama. Dhamiri hiyo inalindwa na kifungu cha 36 nilichokitaja. Lakini wajue mawili. Asiye mwanachama anayenufaika na mkataba wa pamoja anaweza kukatwa ada ya uwakala kwa mujibu wa kifungu cha 49 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi. Na lile linalowaumiza zaidi, la slabu kumwagwa Jumamosi na wao kuandikwa watoro, hutatuliwa kwa urahisi zaidi na mkataba unaosema kwa maandishi kwamba wao watafanya Jumapili.

Mengine ni ya kufanya, siyo ya kujadili. Andika siku zako mwenyewe, kila jioni, tarehe na jina la foremani. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo, ni ushahidi. Kataa kuandikwa kwa jina lisilo la kitambulisho. Mkitaka chama, jazeni na kutia saini Fomu S, ile ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, kisha chama kimpelekee mwajiri. Kwa agizo la waziri ana siku 30 za kuanza makato. Ukiumia, toa taarifa siku hiyo hiyo: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima, na ulemavu kamili wa kudumu unakadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Ukifutwa, nenda kwa afisa wa leba mjini. Usikae mwaka ukisubiri mzee wa mtaa azungumze na mwenye mjengo. Una ujuzi bila cheti? Fanya mtihani wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), ulizia pale Kisii National Polytechnic, kisha utafute kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, maana Sheria ya mamlaka hiyo ya 2011 inamtaka fundi stadi awe nacho na hilo nalo ni geti linalowarudisha wenyeji. Mwenye mjengo, weka kwenye mkataba wako na mwanakandarasi sharti la daftari la majina ya kweli na bima. Mwakilishi wadi, acha orodha. Dai zabuni za kaunti ziwe na sharti hilo hilo, na lipangiwe mkaguzi.

Wewe kijana wa Nyanchwa uliyeshika toroli, usiniulize tena chama kitamleta nani. Hesabu siku zako. Zikifika mwezi mmoja mfululizo, sheria haikuiti kibarua tena, hata daftari liseme nini.