Anza na Kiti cha Nyuma Kabisa

Mnunuzi wa gari la familia lenye safu tatu za viti huanza mbele. Hufungua boneti, husikiliza injini, huketi penye usukani, hupapasa ngozi ya viti na kuwasha skrini. Mimi huwashauri wanunuzi wa Embu na Meru waanze upande wa pili. Fungua mlango wa nyuma, inua safu ya tatu, panda uketi huko mwenyewe, kisha ufunge mkanda. Viti hivyo viwili ndivyo vilivyokutoa kwenye gari la watu watano na kukupandisha bei, kwa hiyo ndivyo vinavyostahili kukaguliwa kwanza.

Katika kaunti hizi mbili safu ya tatu haikai bure. Siku ya kuwatembelea watoto Kangaru, Chogoria Girls au Meru School, gari hujaa. Familia ikienda kwenye ruracio, sherehe ya mahari, Igoji au mazishi Runyenjes, hujaa tena, na safari hii walioko ndani ni watu wazima, wengine wakiwa na magoti yasiyopenda kukunjwa. Mtu wa makamo akiketi nyuma na magoti yake yakafika karibu na kifua, gari hilo ni la watu watano lenye viti vya dharura. Heri ulijue hilo ukiwa bado yadini.

Chukua Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi cha J150, ile iliyotoka mwaka 2009 na kuendelea hadi 2023. Hakuna gari la hadhi linaloheshimiwa kuliko hili kuanzia Makutano ya Mwea hadi Maua, na heshima hiyo imelistahili. Lakini Prado imejengwa juu ya chesisi ya ngazi, kama pikapu, na ekseli yake ya nyuma ni bomba zima linalopanda na kushuka chini ya sakafu. Ekseli hiyo inahitaji nafasi, kwa hiyo sakafu ya nyuma imeinuliwa. Kiti kikiwa karibu na sakafu, magoti hupanda. Safu hiyo ikisimamishwa, nafasi ya mizigo inayobaki ni lita zipatazo 120, na sanduku la chuma la mwanafunzi wa bweni halitaingia hapo.

Mazda CX-8 haina chesisi ya ngazi. Bodi yake ni kipande kimoja. Iliuzwa Japani kuanzia Desemba 2017 hadi mwisho wa 2023. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,930, dhidi ya 2,790 za Prado. Watu wengi hawaamini nikiwaambia kwamba gari linaloonekana dogo ndilo refu zaidi mahali panapohusika na abiria. Mazda yenyewe ilisema safu ya tatu iliundwa kwa mtu wa urefu wa hadi sentimita 170, na mizigo nyuma yake hupata zaidi ya lita 200. Volvo XC90, iliyobuniwa upya mwaka 2014, ina lengo hilohilo la sentimita 170. Kwa hiyo kama kazi kubwa ya gari lako ni kubeba watu saba kwenye lami, Prado haiongozi orodha.

Sasa nije kwenye uzito. Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa, na sijasikia muuzaji hata mmoja akiigusia.

Cheti cha gari kutoka Japani huonyesha uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa jumla linaporuhusiwa kujaa. Toa wa kwanza kutoka kwa wa pili. Kwa gari la viti saba utapata kilo 385. Gawa kwa 7, utapata 55. Sheria ya Japani humhesabu kila abiria kuwa kilo 55, na katika hesabu hiyo mizigo haimo kabisa. Hiyo ni namba ya makaratasi, na fremu na springi huwa na uvumilivu kiasi juu yake, lakini inakuonyesha mhandisi alikuwa akifikiria familia gani alipochagua springi na breki. Wapakie watu wazima saba wa Imenti wenye kilo 75 kila mmoja, tayari umefika kilo 525. Ongeza gunia la viazi la kilo 50 kutoka Timau, mkungu wa ndizi, na mchele wa Mwea ulionunuliwa njiani. Umepita kipimo kwa kilo 200 na zaidi bila kuhisi kwamba umefanya jambo lisilo la kawaida.

Uzito huo unaenda wapi? Unakalia ekseli ya nyuma. Pua ya gari huinuka, taa za mbele humulika macho ya wanaokuja, usukani huwa mwepesi, na tairi za nyuma huchemka. Ukiweka sanduku la chuma kwenye keria juu ya paa, unainua uzito na kuufanya uyumbe kwenye kila kona. Kona tunazo. Barabara ya Embu kwenda Meru hukata mabonde ya mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya mmoja baada ya mwingine: Thuci, Nithi, na mingine mingi. Kila bonde ni mteremko, daraja, kona, kisha mpando. Daraja la Nithi limeua watu wengi mno. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia mtoni hapo na zaidi ya watu 30 wakafariki. Gari la familia si basi, lakini sheria ya breki ni moja. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na gari zito hutengeneza joto jingi kuliko diski zinavyoweza kulipoza. Zikipata joto kupita kiasi, mguu unakanyaga na gari halipungui mwendo.

Ndiyo maana kwenye gari lolote la safu tatu mimi huchukulia breki na tairi kuwa sehemu ya bei ya kununua. Tenga pesa za diski na pedi mpya za mbele kabla ya kufikiria redio. Soma kibandiko cha upepo wa tairi kwenye nguzo ya mlango wa dereva na ufuate kipimo cha gari lililojaa, kama kimeandikwa. Na mtu yeyote atakayeliendesha ajue kushusha gia kwa mkono kabla ya mteremko kuanza, hata kama giaboksi ni otomatiki, ili injini ishike gari na breki zipumzike.

Milima hiyohiyo inaamua pia injini. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, na injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Embu iko mita 1,350 hivi juu ya bahari, Meru juu zaidi, na barabara ya kwenda Timau hupita mita 2,000. Prado ya petroli ya lita 2.7 huondoka kiwandani na nguvu za farasi 163. Kwenye mpando wa Timau zimebaki kama 130, zikivuta tani mbili na zaidi pamoja na familia yote. Itafika, ila kwa kunguruma na kwa kunywa petroli, na kulipita lori kutahitaji subira kubwa. Dizeli ya lita 2.8 iliyoletwa mwaka 2015 ina tabo na msokoto wa nyutoni-mita 450 dhidi ya 246 za petroli. Dizeli ya lita 2.2 ya CX-8 ina 450 pia, katika gari jepesi kwa kilo 300 hivi. Kwa barabara zetu ningechagua dizeli bila kusita, kwa sharti moja.

Sharti lenyewe ni safari ndefu. Dizeli za kisasa zina chujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hujisafisha kwa kuchoma masizi kwa joto la nyuzi mia kadhaa, na joto hilo hupatikana gari likikimbia mfululizo kwa dakika ishirini hivi. Mtu anayelitumia gari kutoka Makutano ya Meru kwenda Gakoromone na kurudi, kila siku, gari likizimwa kabla injini haijapata moto vizuri, ataziba chujio hilo. Taa itawaka, atalipeleka gari kwa fundi atakayemshauri kulitoboa chujio, na gari litaanza kumwaga moshi mweusi uliokuwa umefungiwa. Kama maisha yako ni ya mjini tu, nunua petroli. Kama kila wiki unashuka Nairobi au unapanda Nanyuki, dizeli itakaa salama. Ujue pia kwamba Prado ya dizeli iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi chenye tangi lake. Kikiisha, ukilizima, gari linaweza kukataa kuwaka tena. CX-8 haikihitaji.

Kuna familia ambayo naiambia inunue Prado na iache hesabu nyingine zote. Ni ile ambayo nyumbani kwake ni ndani, kule kwenye majani chai ya Mungania, Rukuriri au Kionyo, ambako mvua ya Aprili na ya Novemba huugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Magurudumu yote manne ya Prado huvuta muda wote, difa ya katikati inaweza kufungwa, na ina gia za chini za kupandia taratibu. CX-8 ya magurudumu manne hupeleka nguvu nyuma inapohisi utelezi; inafaa kwa barabara ya changarawe na matope kiasi, lakini haina gia za chini, na tumbo lake liko sentimita 20 kutoka ardhini likiwa tupu. Ukiijaza watu saba, toa sentimita kadhaa. Mbeere ni ardhi nyingine: kuanzia Kiritiri hadi Siakago kuna mchanga, mawe na makorongo makavu yanayofurika ghafla, na huko pia chesisi ya ngazi ina faida yake.

Kuhusu ushuru, wengi hushangaa wakiwa wameshalipa. Mamlaka ya Mapato haitumii bei uliyolipa Japani; ina orodha yake ya bei za rejareja, ambayo hupunguzwa kulingana na umri wa gari. Juu ya thamani ya forodha inayokokotolewa kutoka bei hiyo huja ushuru wa forodha wa asilimia 35 tangu Julai 2023, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, kila mmoja ukihesabiwa juu ya mwingine. Ushuru wa bidhaa ndio unaotenganisha magari haya. Dizeli inayozidi sisi (cc) 2,500 hutozwa asilimia 35. Petroli huingia kiwango hicho ikizidi sisi 3,000. Prado ya dizeli ina sisi 2,755, kwa hiyo imevuka. Ya petroli ya lita 2.7 na CX-8 ya dizeli ya lita 2.2 zinabaki kwenye asilimia 25. Kwa kila shilingi milioni 1 ya thamani ya forodha, kodi hizo tatu zinafika shilingi 1,114,100 kwa Prado ya dizeli na 957,500 kwa hizo nyingine mbili, kabla ya ada ndogondogo za uagizaji. Gari lenye thamani ya milioni 3 linakuwa na tofauti ya karibu nusu milioni, na hizo ni diski, tairi, shokomzoba na bima yako ya mwaka.

Sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza ina maana kwamba J150 na CX-8 za mwisho zitaendelea kuingia Mombasa kwa miaka kadhaa, na vipuri vitakuwepo muda mrefu baada ya hapo. Vya Prado unavipata karibu kila mji. CX-8 inashiriki injini na CX-5, gari ambalo tayari limejaa nchini. Kuhusu Volvo, Audi Q7 na Land Rover Discovery nitasema machache: ni magari salama na ya starehe kuliko yote niliyotaja, lakini mengi yana springi za hewa na kompyuta zinazohitaji fundi mwenye mashine yake, na fundi huyo mara nyingi yuko Nairobi, zaidi ya kilomita 220 kutoka Meru. Kama una nafasi ya kulipeleka huko kila linapohitaji, linunue kwa furaha.

Ukishachagua aina, kagua gari lenyewe. Hesabu mikanda saba na uivute yote. Tangu kanuni za Michuki kuhusu mikanda zianze kutekelezwa mwaka 2004 tunajua kazi yake, ila ya safu ya tatu mara nyingi imefichwa chini ya viti na haijawahi kufungwa. Uliza kama mifuko ya hewa ya pembeni inafika safu hiyo, kwa sababu wanaokaa huko mara nyingi ni watoto, na vichwa vyao viko karibu na kioo cha nyuma. Kisha lala chini ya gari na tochi. Magari mengi ya Japani yametumika kaskazini, Hokkaido na mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo hula chesisi kimyakimya. Ukikuta rangi nyeusi mpya imepakwa chini kote, hata juu ya nati na mabomba ya breki, ikwaruze kwa ncha ya bisibisi karibu na sehemu springi za nyuma zilipofungwa. Rangi ikitoka na vipande vya kutu, mrudishie muuzaji ufunguo wake.