Ulifuata Nini Huko?

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyewahi kufuata mzigo Guangzhou, China, anaijua Guangyuan Xilu, hata kama yeye mwenyewe alilala mtaa wa Xiaobei. Ni barabara ya masoko ya jumla karibu na stesheni ya treni, na kwa upande wetu wa Afrika wenye nayo hasa wamekuwa Wanaijeria. Kuna pia kituo cha polisi, na safari hii nataka tusimame hapo badala ya kwenye maduka ya jinzi.

Julai 2009 Mnaijeria mmoja aliruka dirishani akikimbia ukaguzi wa pasipoti, akaumia vibaya. Wenzake zaidi ya mia moja wakamiminika mbele ya kituo. Juni 2012 mwingine aligombania nauli na dereva wa pikipiki ya umeme, wote wawili wakapelekwa polisi, na saa chache baadaye yule mgeni alikuwa maiti. Polisi walieleza kwamba alizimia ghafla, wakajaribu kumwokoa, ikashindikana. Siku iliyofuata umati uliifunga barabara ukidai jibu la kueleweka.

Sidai kwamba polisi walimuua. Ila tazama mkao wa jambo lenyewe: aliyeweza kutoa maelezo ya upande wa pili amekufa, na chumba alimozimia, daftari la kuandikia waliokamatwa na tangazo la kwanza kwa umma vyote viko mikononi mwa wale wanaoulizwa. Wahenga walikwisha kuyasema haya kwa nyani na ngedere. Kisha tunamgeukia mlalamikaji na kumwambia alete ushahidi.

Na kabla ya ushahidi kuna swali lingine, ambalo huulizwa zaidi huku nyumbani kuliko kule: “Hao nao, si visa zao zimekwisha?” Swali hilo halina uhusiano wowote na jinsi mtu alivyokufa. Linamtoa mtendaji kwenye kiti cha kuulizwa na kumkalisha mtendwa. Ni ndugu pacha wa lile analoulizwa binti aliyeshikwa kwa nguvu na mkubwa wa kazi: “Mwanangu, na wewe ulifuata nini ofisini kwake jioni yote ile?”

Sheria nayo hulipatia swali hilo meno. Kwa sheria ya uhamiaji ya China iliyoanza kutumika Julai 2013, aliyepitiliza visa anaweza kutozwa yuani 500 kwa siku, hadi 10,000, au kuwekwa ndani kati ya siku 5 na 15. Mwenye kosa la karatasi akitapeliwa, akipigwa au akibakwa, mlango wa kushtaki na mlango wa kushtakiwa ni mmoja. Akinyamaza tunasema angekuwa mkweli angeripoti.

Aprili 2020 lilitokea jambo lililopaswa kumaliza ubishi. Waafrika walitolewa majumbani na hotelini Guangzhou kwa kisingizio cha korona, wengine wakalala barabarani na mabegi yao, na simu zikarekodi. Mgahawa mmoja wa McDonald's ulibandika tangazo kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuingia. Kampuni iliomba radhi. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing walimwandikia waziri wa mambo ya nje wa China kulalamikia watu kufukuzwa usiku na pasipoti kuchukuliwa. Hata hivyo Beijing ilisisitiza kuwa wageni wote wanatendewa sawa, na huku kwetu hawakukosekana waliosema video zimekuzwa.

Kwa nini macho yanaona na moyo unakataa? Nadhani ni kwa sababu kuamini kuna gharama, na gharama haimwangukii anayelalamika peke yake. Chukua familia. Msichana anasema baba mdogo, yule anayelipa ada za watoto wote wa ukoo, humwingilia chumbani usiku. Wakimwamini, nani atalipa ada muhula ujao? Nani atakaa na bibi? Kikao cha wazee kinaanza kama uchunguzi na kuishia kwenye hesabu, na hesabu hiyo haitamkwi hata mara moja. Kinachotamkwa ni kwamba msichana ana maneno mengi. Serikali yenye mkopo wa reli kutoka China hufikiri vivyo hivyo, na mfanyabiashara ambaye visa yake inaisha mwezi ujao pia.

Wachina wenyewe wanaijua hesabu hii. Januari 2018 Luo Xixi alimtuhumu hadharani profesa wa Chuo Kikuu cha Beihang, Chen Xiaowu, kwa unyanyasaji wa kijinsia wa miaka zaidi ya kumi nyuma, na chuo kikamvua nyadhifa. Lakini Luo alikuwa akiishi Marekani, na hakuwa peke yake. Wanawake wengine walijitokeza. Aliyemsaidia ni mwandishi wa habari Huang Xueqin wa Guangdong, mkoa ulipo mji wa Guangzhou. Mwaka huo Huang alitoa uchunguzi wa waandishi wa kike 416, na zaidi ya asilimia 80 walisema wamewahi kunyanyaswa kijinsia. Walioripoti polisi walikuwa wachache mno. Juni 2024 mahakama ya Guangzhou ilimfunga miaka 5 kwa kosa la kuchochea upinduaji wa mamlaka ya dola. Shtaka halikuwa la unyanyasaji wa kijinsia, lakini mwanamke wa Guangzhou mwenye siri kama ya Luo amepungukiwa mtu wa kumpigia simu.

Kwenye mashamba ya chai ya Kenya ilibidi wanawake zaidi ya 70 waiambie BBC habari ileile ya kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao, na mwandishi aingie kwa siri na kamera, ndipo Februari 2023 wenye makampuni wakashtuka. Mmoja angeitwa mwongo. Ni hesabu ya ajabu, kwa sababu sabini hupatikana baada ya wale wa kwanza kupuuzwa.

Tukirudi Guangzhou, mwaka 2016 wanawake wa huko walichangisha kiasi cha yuani 40,000 waweke bango la kukemea wanaopapasa abiria kwenye treni za chini ya ardhi. Bango lilikataliwa. Mwaka uliofuata mmoja wao, Zhang Leilei, akaamua kulibeba mwenyewe, akawa anatembea nalo mjini na kupanda nalo treni kila siku. Polisi walimtaka aache, kisha wakamtaka ahame mji.