Kiapo si Cheti cha Ndoa

Wenza wa mkoani Singida wanaojiandaa kuhamia ng'ambo huuliza swali moja kuliko mengine yote: kwa kuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka miwili, na kwa kuwa sheria inawatambua kuwa ni mume na mke, je, kiapo cha wakili hakitoshi badala ya cheti cha ndoa? Hakitoshi. Hakitoshi kwa aliyetoka Kiomboi wala kwa aliyetoka Manyoni, hata kikiwa na mihuri mitatu na sahihi ya mtendaji wa kata. Jibu hili limetolewa mara nyingi mno, lakini bado wapo wanaolisikia kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la visa Dar es Salaam, kilomita zipatazo 700 kutoka nyumbani, ada ikiwa imeshalipwa.

Imani yenyewe ina chanzo halali, na ndiyo maana haifi. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba ikithibitishwa kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watu wawachukulie kuwa mume na mke, patakuwa na dhana kwamba walioana ipasavyo, na dhana hiyo inaweza kukanushwa. Mtaani maneno haya yote yamefupishwa kuwa "miaka miwili ni ndoa". Yaliyoachwa ndiyo yenye uzito. Lazima jambo lithibitishwe, na mahali pa kulithibitisha ni mahakamani. Lazima majirani na ndugu wawe wamewatambua wawili hao kuwa ni mume na mke, si wapangaji wa chumba kimoja. Na hata baada ya hapo, upande wa pili unaweza kuleta ushahidi kwamba ndoa haikuwapo, kwa mfano kwamba mmoja wao tayari alikuwa amefunga ndoa ya kanisani na mtu mwingine, na dhana ikaanguka.

Inafaa kutazama kifungu hiki kilitungwa kwa kazi gani. Sehemu yake ya pili inaeleza kwamba dhana ikikanushwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri kama zile zinazotolewa ndoa inapovunjwa. Katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililoripotiwa mwaka 1994, kilichogombewa ni nyumba iliyopatikana wakati wawili hao wakiishi pamoja. Mahakama ya Rufani iliona kwamba hata dhana ya ndoa ikikanushwa, mahakama inabaki na mamlaka ya kutoa amri kuhusu haki zao. Hiyo ndiyo kazi ya kifungu cha 160: kumlinda aliyelima, aliyejenga na aliyelea watoto asifukuzwe mikono mitupu. Ni kinga ya watu wanaoachana. Hakimwagizi msajili kuandika chochote kwenye daftari la ndoa, hakitoi cheti, na ofisa wa ubalozi wa kigeni si mahakama ya Tanzania inayoweza kusikiliza mashahidi kutoka Ikungi na kuamua kama dhana imesimama au imeanguka.

Kiapo chenyewe kikisomwa kwa makini hujieleza. Kwa kawaida ni kurasa mbili, picha za pasipoti zikiwa zimebanwa pembeni. Aya zenye namba zinasema kwamba waapaji ni watu wazima wenye akili timamu, kwamba wameishi pamoja tangu mwaka fulani, na kwamba wana watoto kadhaa. Chini kuna maneno kwamba yote yaliyosemwa ni ya kweli kwa kadiri ya ufahamu wao, kisha sahihi na muhuri wa wakili. Muhuri huo unathibitisha jambo moja tu, yaani kwamba watu hao walifika mbele ya wakili na wakaapa. Hauthibitishi kwamba walichoapa ni kweli, wala wakili hana mamlaka ya kumfanya mtu kuwa mke wa mtu. Anayekisoma ubalozini anaona maelezo ya watu wenye maslahi katika jambo wanalolieleza wenyewe. Barua ya mtendaji wa kijiji inayoambatanishwa haiongezi sana, kwa sababu mtendaji anathibitisha ukazi, hasajili ndoa. Mtu anayewauzia wenza karatasi hizi kwa ahadi kwamba zitasimama mahali pa cheti anachukua fedha ya mazao ya msimu mzima kwa kitu kisichofanya kazi hiyo, na wanaoombwa wawe mashahidi wa biashara hiyo wakatae.

Ubaya zaidi ni kwamba kiapo kimoja hupewa watu wa aina mbili ambao hali zao hazifanani. Kundi la kwanza ni waliooana kimila. Wazee wa pande mbili walikaa, ng'ombe wa mahari walihesabiwa na kuhamishwa zizi, mashahidi wapo hadi leo. Kwa Wanyaturu na kwa Wanyiramba hiyo ni ndoa, na ni ndoa pia kwa sheria ya 1971, ambayo inatambua ndoa za kimila na kusema kwamba kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi ndoa. Sheria hiyohiyo iliwapa wajibu wa kuomba usajili ndani ya siku 30, na wengi hawakuutimiza kwa kuwa hakuna aliyewadai cheti maisha yao yote. Hawa hawakupungukiwa ndoa. Walipungukiwa ushahidi wake. Kundi la pili ni la sogea tukae. Walikutana mjini, wakahamia chumba kimoja, maisha yakaendelea, barua ya posa haikupelekwa. Wanaweza kupendana kuliko wengi wenye vyeti, lakini hawajaoana. Kiapo cha miaka miwili kinawadhulumu wote. Waliooana kimila kinawashusha kutoka ndoa halali hadi dhana tu, na wa sogea tukae kinawaandika kuwa wamefunga ndoa ambayo hawajaifunga.

Mkanganyiko huu unachochewa na sheria za nchi za nje. Uingereza inampokea mwenza ambaye hajafunga ndoa, iwapo uhusiano unaofanana na ndoa umedumu kwa angalau miaka 2. Idadi ya miaka ikawa sawa na ile ya kifungu cha 160, na watu wakadhani ni kanuni moja yenye matawi mawili. Kanuni hizo mbili hazina uhusiano wowote. Uingereza haiulizi kama sheria ya Tanzania inadhani watu hao wameoana. Inataka kuona uhusiano wenyewe, kwa nyaraka za wakati ule ulipokuwa ukiendelea. Kanada na Australia nazo zina nafasi ya wenza wasiofunga ndoa, na kipimo chao cha kawaida ni miezi 12. Ujerumani, kwa upande wake, haina nafasi hiyo katika visa ya kumfuata mwenza, na Marekani inauliza kama ndoa ilikuwa halali mahali ilipofungwa. Kwa nchi hizi mbili za mwisho, wenza wa sogea tukae wakipeleka viapo kumi watakuwa wamepeleka karatasi kumi.

Hata pale wasiofunga ndoa wanapopokewa, kinachowabeba ni kumbukumbu zilizoandikwa na watu wengine, kwa sababu nyingine kabisa, kabla safari haijafikiriwa. Kadi ya kliniki ya mtoto ni mfano mzuri: muuguzi aliandika jina la mama, jina la baba na mahali wanapoishi, kisha tarehe za chanjo zikafuata mwezi baada ya mwezi, kila moja kwa kalamu tofauti. Hakuna aliyeijaza akiwaza visa, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya pamoja benki, bima ya afya inayomtaja mwenza kuwa mtegemezi, miamala ya simu ya miaka mitatu kati ya mmoja aliye Dodoma kazini na mwingine anayeuza vitunguu soko la Misuna: vyote hivi vina uzito kuliko kiapo kilichochapwa wiki moja kabla ya maombi. Kiapo kinaweza kuambatanishwa kama maelezo ya kuunganisha nyaraka hizo. Hakiwezi kuwa nyaraka hizo.

Kuna pia dawa ya kienyeji iliyo hatari kuliko kiapo, nayo ni kurudisha tarehe nyuma. Wenza wanafunga ndoa mwaka huu, kisha mtu anajitolea "kuwasaidia" cheti kionyeshe miaka minne iliyopita ili uhusiano uonekane mrefu. Hilo ni kosa la kughushi hapa nyumbani, na ng'ambo adhabu yake ni ndefu. Aliyetumia udanganyifu katika maombi ya Uingereza anaweza kukataliwa kwa miaka 10. Kanada humzuia kwa miaka 5. Marekani humzuia moja kwa moja mpaka apate msamaha maalumu. Tena udanganyifu huu hugundulika kirahisi, kwa kuwa fomu ya pasipoti ya mwaka jana au maombi ya zamani ya visa tayari yalijazwa kwamba mhusika hajaoa. Ndoa changa si kosa. Inatakiwa tu iwe ya kweli na ionyeshe tarehe yake ya kweli.

Ndugu wa ushauri huo ni ule wa kumwambia anayetangulia aandike kwamba hana mke wala watoto ili visa itoke haraka. Kanada, kwa kawaida, mwanafamilia ambaye hakutajwa wakati wa kupata ukazi wa kudumu hawezi kuletwa baadaye kwa mlango wa familia. Anayetangulia awataje wote, hata wasiosafiri.

Njia za halali ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Wasiooana waende bomani: taarifa ya kusudio hutolewa kwa msajili angalau siku 21 kabla, tangazo hubandikwa, pingamizi lisipokuwapo ndoa inafungwa na cheti kinatolewa. Penye dharura ya kweli, Msajili Mkuu, aliye chini ya wakala wa usajili, RITA, anaweza kutoa leseni ya kuondoa sharti la taarifa. Waliooana kimila wampelekee msajili wa wilaya mashahidi wa mahari na kuomba usajili, na wakikwama wajue kwamba sheria haiwazuii watu ambao tayari ni mume na mke kufanya sherehe nyingine ya ndoa, ingawa hadhi yao itabaki ile ya ndoa ya kwanza. Waliofunga kanisani au msikitini wahakikishe mfungishaji alikuwa na leseni na kwamba wanacho cheti cha serikali chenye namba ya daftari, kwani hati ya parokia yenye maua pembeni ni kumbukumbu ya kanisa. Ndoa za Kiislamu na za kimila huchukuliwa kuwa za wake wengi au zinazoweza kuwa hivyo. Mwenye mke mmoja asiogope, na akitaka hadhi ibadilike, kifungu cha 11 kinawaruhusu wenza kutoa tamko la pamoja mbele ya jaji au hakimu. Mwenye wake wawili asitarajie kuwapeleka wote Uingereza, Ujerumani wala Marekani.

Majina yalingane: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti na cheti cha ndoa visimtaje mtu mmoja kwa jina la ubatizo huku na jina la babu kule; hapa kiapo au hati ya kubadili jina ina kazi yake halali. Pasipoti ni Sh 150,000 kwa kila mtu. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe, na BAKITA hutoa tafsiri na uthibitisho wake. Kisha kipimo cha fedha na lugha: anayemwalika mwenza Uingereza anatakiwa kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024, na ada ya afya kwa mtu mzima ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa visa. Ujerumani kwa kawaida inadai Kijerumani cha kiwango cha A1 kabla ya kuondoka, na Goethe-Institut ipo Dar es Salaam. Wanafunzi wengi wa Uingereza hawaruhusiwi tena kwenda na mwenza tangu Januari 2024, isipokuwa wa shahada za juu za utafiti na wachache wengine. Anayeambiwa vinginevyo adai maelezo hayo kutoka tovuti ya serikali ya nchi husika.

Kazi ya cheti haimaliziki uwanja wa ndege. Ujerumani, aliyehamia anatakiwa kujiandikisha ofisi ya ukazi ya mji ndani ya wiki mbili, na hadhi yake ya ndoa huandikwa hapo. Ikiandikwa vibaya, kodi ya mshahara, bima ya afya na cheti cha mtoto atakayezaliwa vyote hufuata kosa hilo. Kwa hiyo cheti kisafiri kwenye mkoba wa mkononi, na nakala zilizothibitishwa zibaki kwa ndugu Singida. Na wenza ambao bado hawajaandikishwa waende kwanza kwa msajili wa wilaya yao, kabla ya kumlipa mtu yeyote shilingi yoyote kwa ajili ya visa.