Sura ya Tano: Mti Ulioachwa

Vitabu vya mawaidha vinaupenda mti. Mti una subira, mti una mizizi, mti huinama upepo ukivuma kisha ukasimama tena. Msomaji anaitikia kwa kichwa, anafungua ukurasa unaofuata. Sina ugomvi na mafunzo hayo, ila yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa chini ya mti wowote akautazama hadi jua likazama.

Tuanzie kwingine. Mti wenye miaka mia tano, uliosimama karibu na watu wanaohitaji kuni, mbao, mkaa na mahali pa kulima, haukufika hapo kwa subira yake peke yake. Kila kizazi kilichopita chini yake kilikuwa na panga na shoka. Kila kizazi kilipata mwaka wa njaa, na siku ambayo kuukata kungekuwa jambo la busara kabisa. Wakauacha. Tunapoutazama mti wa kale, basi, tunatazama pia mikono mingi iliyojizuia, na kujizuia huko ndiko ninakotaka kukueleza katika sura hii.

Pwani ya Kenya, kuanzia Kwale hadi Kilifi, ipo misitu midogo ambayo kwa mbali ungedhani ni vichaka vilivyosahauliwa katikati ya minazi na mahindi. Hizi ndizo kaya za Wamijikenda: Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Waduruma na Wakauma. Hapo zamani kaya ilikuwa mji. Simulizi za wazee husema watu walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia maadui, wakajenga ndani ya msitu mnene, wengi wao juu ya vilima. Waliacha vijia vyembamba tu vya kuingilia, na humo ndani wakazika fingo, kinga ya jamii. Msitu ulikuwa boma lao. Usalama ulipopatikana wakateremka kulima, familia moja baada ya nyingine, na kufikia miaka ya 1940 kaya hazikuwa tena makao. Yalibaki makaburi, uwanja wa moro ambako wazee walikaa kuamua kesi na kuomba mvua, na miti.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Boma lisilo na mji wa kulinda halina kazi, na lingeweza kugeuzwa mkaa kwa muda mfupi. Lakini miiko ilibaki pale watu walipoondoka. Usikate. Usichunge mifugo humo. Usitoke na ukuni hata kama umeanguka wenyewe. Usiache njia. Aliyevunja alitozwa kuku au mbuzi ili pafanyiwe matambiko ya kupatakasa.

Ukienda leo Kaya Kinondo, karibu na Diani, utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, kisha utasomewa masharti, na mojawapo ni kwamba hutatoka na kitu chochote, hata jani. Mbele kidogo anayekuongoza atakuambia uukumbatie mti mmoja mkubwa. Wageni wanalipenda sana hilo la kukumbatia, wanapigwa picha, wanarudi hotelini wakiwa wamefarijika. Mimi naona funzo liko kwenye lile jani.

Serikali ya kikoloni nayo iliijua nguvu ya mahali hapa, ila iliielewa kwa namna yake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama kukataa kodi na kazi za Waingereza, na viapo vikaliwa Kaya Fungo. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya hiyo kwa baruti. Walidhani nguvu imefichwa ndani ya ardhi, na ukiilipua ardhi umemaliza kazi. Kilichokuwa kikiwaunganisha Wagiriama ni ahadi walizowekeana, na baruti haikuwa na pa kuzishika.

Wataalamu wa mimea walipoanza kuzichunguza kaya kwa makini, walikuta miti na maua adimu ambayo kwingineko pwani yamekwisha. Kuanzia 1992 serikali ya Kenya ikaanza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mzee wa Kikauma aliyemkataza mjukuu wake kuokota kuni hakuwa na habari ya spishi adimu. Alikuwa na mwiko tu. Sababu ilikuja baadaye, ikaletwa na watu wengine.

Mtiririko huo, katazo kwanza na sababu baadaye, ndio uliomshughulisha Wangari Maathai. Alizaliwa 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, na alipokuwa mtoto mama yake alimtuma kuni na kumwonya asiokote chochote kwenye mugumo uliokuwa karibu, kwa kuwa ule ni mti wa Mungu. Jirani na mugumo huo palitoka chemchemi, na yeye alicheza majini akijaribu kuyaokota mayai ya vyura ayavae kama shanga. Yalimponyoka kila mara. Miaka ikapita, akasoma, akarudi. Mugumo ulikuwa umekatwa kwa kuwa mwenye ardhi aliona unamlia nafasi, na chemchemi ilikuwa imekauka. Wakati huo alikuwa na elimu ya kuunganisha mambo hayo mawili: mizizi ya mugumo hupenya kwenye nyufa za miamba hadi kwenye maji ya chini, na maji hupata njia ya kupanda. Baada ya hapo alianzisha Green Belt Movement, mwaka 1977, na Tuzo ya Amani ya Nobel akaipata 2004.

Ni rahisi kuisimulia hadithi hii kana kwamba wahenga walijua kila kitu. Hawakujua. Miiko mingine haikuwa na siri yoyote ya kisayansi. Katika jamii nyingi wanawake walikatazwa kula mayai na nyama ya kuku, na ukichimba sana utakuta waliofaidika ni wanaume waliobaki na sahani. Kwa hiyo simwambii mtu atii kila katazo la kale. Ninachokiona kwa mama yake Wangari ni uwezo ambao sisi tumeupoteza, yaani kukipita kitu chenye faida, kikiwa mbele ya macho, bila mtu kukuthibitishia kwanza hasara utakayoipata. Mtu wa leo huomba ripoti. Ripoti ikikamilika, chemchemi imeshakauka.

Sasa tuutazame mti wenyewe, kwa maana hata mti hujizuia. Nachagua mbuyu, mti ambao kila mtu wa pwani na wa bara kavu anaudhani anaujua. Tunasema mbuyu ulianza kama mchicha, na hatujali kwamba methali hiyo ni sahihi kuliko tunavyodhani. Majani ya mbuyu mkubwa yamegawanyika kama vidole vya mkono, lakini mche wake una jani moja moja la kawaida, usilolitofautisha na mboga ya kando ya njia. Wengi huupalilia wakautupa bila kujua walichotupa.

Shina la mbuyu ni laini na lina maji mengi mno. Tembo wa Tarangire na Ruaha wanalijua hilo, ndiyo maana wakati wa kiangazi huligwaruza kwa pembe na kutafuna nyuzi zake. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mbuyu ni tangi: hujaza wakati wa masika, hunywa polepole wakati wa kiangazi. Watafiti waliochunguza mibuyu ya Madagaska, ambayo ni jamaa wa huu wetu, walikuta jambo tofauti. Mti hauyagusi maji yale kwa matumizi ya kila siku. Kiangazi kikifika unapukutisha majani yote na kukaa uchi kwa miezi mingi, ukijisaidia kwa tabaka la kijani lililo chini ya gome. Akiba hufunguliwa zaidi wakati mmoja, pale mvua inapokaribia na majani mapya yanatakiwa kuchomoza kabla tone la kwanza halijaanguka. Na upo msingi wa ubahili huo. Mbao za mbuyu ni dhaifu, na maji yale ndiyo yanayolipa shina ugumu wa kusimama. Ungeyatumia yote kujiburudisha wakati wa kiangazi, mti ungejikunja ukaanguka.

Nimewahi kuwaeleza haya watu walio katika msiba au waliopoteza kazi, na niliona yanawafaa kuliko ushauri wa kujikaza. Kipo kipindi ambacho busara ni kuacha majani yaanguke: mialiko, miradi, hata hamu ya kuonekana uko sawa. Wapita njia watasema umekufa. Nguvu uliyobaki nayo si ya kupoozea kila siku ngumu. Inakusimamisha, na sehemu yake inangoja siku ya kuanza upya.

Na ua la mbuyu usiliache. Huning'inia kwa kikonyo kirefu, jeupe, kubwa kama kiganja, na hufunguka jua linapozama. Harufu yake si ya kupendeza puani mwa binadamu, lakini popo wanaijua, wanakuja usiku, wanakunywa, wanabeba chavua. Kesho yake ua linanyauka na kuanguka. Mti unaoweza kuishi zaidi ya miaka elfu hutegemea usiku mmoja na mnyama ambaye sisi humfukuza kwa mawe.

Hata hivyo mbuyu nao hufa. Mwaka 2018 wanasayansi waliochapisha utafiti wao katika jarida la Nature Plants walieleza kwamba kati ya mibuyu 13 ya kale zaidi waliyoipima Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe kuporomoka katika muda wa miaka 12 hivi. Mmojawapo, Panke wa Zimbabwe, ulikadiriwa kuwa na miaka ipatayo 2,450. Wao walishuku mabadiliko ya tabianchi. Anayetafuta kwenye mti mfano wa umilele atafute kwingine.

Msomaji mcha Mungu anaweza kuwa ameshaanza kukunja uso. Chini ya mibuyu ya pwani vipande vya nguo nyekundu na nyeupe hufungwa, ubani huchomwa, maji ya waridi humwagwa, na mashekhe na wachungaji wamekemea hayo kwa sababu zinazoeleweka. Mimi siombi mti uombwe. Lakini Mwislamu anaijua hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliye na mche mkononi huku Kiyama kikisimama, naye akaambiwa aupande akiweza. Mche huo hautampa tunda wala kivuli. Hapo hakuna ibada ya mti, kuna ibada ya mpandaji.

Ugumu wa kweli uko kwingine, kwenye mfuko. Mwaka 2022 mibuyu ilianza kung'olewa Kilifi kwa mashine, mizima na mizizi yake, isafirishwe Georgia, nchi ya Bahari Nyeusi, ikapambe bustani huko. Watu wakapiga kelele, na rais akaamuru uchunguzi. Wenye mashamba walikuwa wameuza. Wapo walioeleza kwamba walihitaji pesa na nafasi ya kulima mahindi, na mbuyu huchukua sehemu kubwa ya shamba dogo. Niliposoma lawama walizotupiwa, nyingine zikitoka kwa watu wa mijini wanaoishi kwenye viwanja visivyobakiwa hata na mpera, nilijiuliza nani alikuwa akilipa gharama ya kujizuia miaka yote hiyo. Katika kaya gharama iligawanywa: kila mtu aliacha kuni zake, na kila mtu alikula mbuzi wa faini. Mkulima wa Kilifi aliachwa ajizuie peke yake kwa niaba yetu sote, na ada ya shule ilipofika hakuna aliyekumbuka kivuli chake.

Miiko ya kaya iliwekwa na wazee na kusimamiwa na wazee, na hao ndio waliomo hatarini sasa. Kwa miaka mingi Kilifi imekuwa na habari za vikongwe wanaoitwa wachawi kwa sababu wana mvi na macho mekundu, wakavamiwa usiku, wengine wakauawa. Mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo lipo shamba, na anayelitaka ni mtoto au mpwa. Jamii iliyoweza kuuacha mti kwa karne kadhaa ina watu wasioweza kumwacha babu yao amalize siku zake. Huko Ganze, baadhi ya wazee waliotishiwa hivyo wamekimbilia Kaya Godoma, na wazee wa kaya wamewapokea. Wapo waliokaa huko miaka, kwa kuwa walioko nyumbani ni walewale waliowatisha.