Kabla ya marumaru sebuleni, mwaga jamvi stoo

Mavuno yakiisha na pesa ikiingia mfukoni, maswali ninayopokea hubadilika. Mbolea na dawa zinawekwa pembeni, yanaanza ya ujenzi: "Bwana shamba, nipige sakafu ya saruji au niweke marumaru moja kwa moja?" Wapo wanaosema hilo ni swali la fundi, afisa ugani halimhusu. Mimi nasema linanihusu kabisa, maana kwa wengi wetu huku Morogoro nyumba ndiyo stoo. Magunia ya mahindi, maharage, karafuu na pilipili manga vinalala chini ya paa moja na watoto, juu ya sakafu ileile. Ukikosea sakafu, umekosea hifadhi ya mazao.

Basi leo tuzilinganishe sakafu moja moja, kwa jicho la mkulima anayefanya biashara.

Kwanza mjue adui

Adui wa kwanza wa sakafu ni unyevu unaotoka chini. Udongo una vitundu vidogo sana, na maji hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Sasa fikiria upande wa mashariki wa Uluguru, kule Kinole, Tegetero na Matombo, ambako kuna sehemu zinapata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Masika ya Machi hadi Mei ardhi imelowa, na mahindi ya msimu uliopita bado yako ndani.

Kuna jambo jingine la milimani. Tunachimba kilima ili kupata kiwanja, kwa hiyo ukuta wa nyuma unakaribiana na kingo ya udongo. Maji ya mlima yanashukia hapohapo. Na chumba gani huwa tunakifanya stoo? Hicho cha nyuma! Yaani mazao tunayapa chumba chenye unyevu kuliko vyote.

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ukiyakausha vizuri halafu ukayalaza kwenye sakafu inayovuta maji, gunia la chini linarudisha unyevu na kuvu wanaanza kazi. Baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa wa sumukuvu na watu walipoteza maisha. Sumu hii haiishi kwa kupika ugali. Ni kweli inaweza kuanzia shambani, lakini hifadhi mbaya inaiongeza. Kwenye soko la Afrika Mashariki, mahindi yakizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, yamevuka kiwango kinachoruhusiwa.

Sakafu ya udongo

Hii ndiyo ya bei nafuu. Unashindilia udongo, unasiriba, basi. Kwa mtu anayeanza maisha, sina neno la kumdharau. Lakini inatoa vumbi, haiwezi kuoshwa, na inapitisha unyevu wakati wote. Pia inawapa makazi funza, na papasi wanaojificha kwenye nyufa na kuleta homa. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alikuja nchini kwetu kuchunguza homa hiyo ya papasi, kwa hiyo si habari mpya.

Kuhusu afya ya watoto, mfano mzuri unatoka Mexico. Serikali yao iliwasaidia watu wa kipato cha chini kubadili sakafu za udongo kuwa za saruji, kazi iliyoanza jimbo la Coahuila mwaka 2000. Watafiti walikuta kwamba nyumba ikibadilishwa yote, minyoo na vimelea kwa watoto hupungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Mtoto asiyeugua ni siku za kazi umeokoa na pesa ya dawa imebaki kwenye mtaji.

Matofali ya kuchoma

Morogoro matofali haya hayapatikani kwa shida. Yakilazwa juu ya mchanga na kujazwa udongo wa saruji kwenye maungio, unapata sakafu ngumu isiyo na vumbi. Yanafaa barazani na kwenye njia ya kwenda jikoni. Udhaifu wake ni kwamba tofali lenyewe hunywa maji, kwa hiyo stooni usiyategemee peke yake.

Mbao

Sakafu ya mbao ina joto, na kule juu Mgeta kwenye baridi inavutia. Ila ikikaribia ardhi, mchwa watakushukuru. Na mbao zisitoke kwenye msitu wa hifadhi ya Uluguru. Maji ya Mto Ruvu yanayonywewa mpaka Dar es Salaam yanaanzia kwenye milima hii. Kwangu mimi, mbao pesa yake irudi kwenye banda la mbuzi wa maziwa lililoinuliwa, ambapo kinyesi kinapita kwenye nafasi kikadondoka chini, na kwenye chaga za kupangia magunia.

Kapeti la plastiki

Linauzwa kwa mita, linapendeza, unatandika leo leo. Ukilitandika juu ya saruji kavu, sawa. Ukilitandika juu ya udongo, unyevu unanaswa chini yake. Lifunue baada ya miezi michache uone kuvu na wadudu. Usipange gunia juu ya kapeti ukidhani umelikinga.

Saruji

Hapa ndipo ninaposimama na mkulima, lakini kwa sharti. Saruji nayo ina vitundu na inavuta unyevu! Wengi wanadhani ikikauka imeziba. Kinachozuia maji ni nailoni nzito inayotandikwa chini ya jamvi. Dukani waambie geji 1000.

Mpangilio ni huu. Jaza kifusi au moramu na kushindilia tabaka kwa tabaka, ili sakafu iwe juu ya ardhi ya nje kwa angalau sentimita 15. Weka dawa ya mchwa kwa kufuata maelekezo ya kibandiko. Sambaza mchanga laini ili mawe yasitoboe nailoni. Tandika nailoni, vipande vipishane sentimita 30, na pembeni ipande ukutani. Kisha mwaga jamvi la zege la sentimita 10, na juu yake ripu ya kulainisha.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 3, jamvi hilo ni kama mita za ujazo 0.9. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6, kila mfuko wa saruji wa kilo 50 unachukua ndoo 5 za mchanga na ndoo 10 za kokoto, ndoo za lita 20. Utatumia kama mifuko 4, na mingine 2 ya ripu. Mifuko 6, chumba kimeisha. Kule bodaboda inakoishia na mfuko ukapanda kichwani, piga hesabu ya usafiri mapema kabla hujamuita fundi.

Halafu mwagia maji siku 7. Usikubali fundi aseme "imeshakauka". Zege linahitaji maji ili likomae. Likikauka haraka linapasuka, na kila ufa ni nyumba ya wadudu.

Marumaru

Marumaru ni safi, zinaoshwa kirahisi, na mgeni akiingia anajua umefika mbali. Tatizo ni kwamba marumaru si mbadala wa jamvi. Ni nguo inayovaliwa juu yake. Gharama ya jamvi iko palepale, unaongeza ya marumaru, gundi na fundi. Zile zinazong'aa zinateleza zikilowa, na mkulima anaingia na buti zenye tope. Ukiangusha jembe au gunia la kilo 100, kipande kinapasuka. Kwa jikoni na baraza chagua zenye uso wa kukwaruza. Stooni hazina kazi.

Pesa ianzie wapi?

Pale Mkuyuni nilimtembelea kijana mmoja anayelima mahindi na mpunga, mchapakazi kweli. Sebule ina marumaru nyeupe, televisheni ukutani. Mahindi yako chumba cha nyuma, juu ya udongo. Mnunuzi alichoma bambo gunia la juu, akatabasamu. Akachoma la chini, akanusa, akarudisha punje gunia lenyewe. "Kaka, haya ya chini siwezi kuyachukua," akasema, na bei ya yale ya juu nayo akaanza kuivuta chini, maana ameshaingiwa na wasiwasi. Kijana akaniangalia: "Bwana shamba, si tulianika pamoja haya?" Ni kweli tulianika, na kipimo kilisoma vizuri. Sakafu ndiyo iliyoyarudisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mpangilio ni huu: anza na stoo, fuata chumba wanacholala watoto, kisha jikoni, sebule iwe ya mwisho. Stoo inalinda kipato, na kipato ndicho kitakachonunua marumaru.

Kama hujui sakafu uliyonayo ikoje, ipime mwenyewe. Chukua kipande cha nailoni cha mita moja kwa moja, kilaze sakafuni, kandamiza kingo zote kwa mchanga au gundi ya karatasi, uache siku nzima na usiku wake. Kifunue. Ukiona matone chini yake au sakafu imegeuka nyeusi, unyevu unapanda. Fanya jaribio hili wakati wa masika, kiangazi kitakudanganya.

Na kama pesa ya jamvi bado, usikate tamaa. Hamishia stoo chumba cha mbele. Chimba mfereji nyuma ya nyumba ugeuze maji ya mlima. Panga magunia juu ya chaga zilizoinuka kama sentimita 15, mbali na ukuta ili uweze kupita na kukagua. Anika kwenye turubai au kichanja, kamwe usianike chini. Chaga mbili za mbao unazitengeneza kwa siku moja, na hata jamvi likija, bado utazihitaji.

Msimu huu kabla hujaingia dukani kuchagua rangi ya marumaru, pita kwanza stoo, inama, gusa sakafu kwa kiganja. Ikiwa ya baridi na inanata, ujue mifuko yako 6 ya kwanza inakwenda wapi.