Kabati la zamani si kabati kuukuu: Tuchunge maneno tunapouza na kununua samani

Katika masoko yetu mengi hutakosa kuona kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa: 'TUNAUZA THAMANI ZA NYUMBANI'. Ukichungulia ndani utaona viti, meza, vitanda na makabati. Sasa hapo kinachouzwa ni nini hasa? Thamani haipakiwi kwenye mkokoteni wala haipigwi msasa. Kinachouzwa ni samani.

Kosa hili huenda likaonekana dogo, la kuchekwa na kusahauliwa. Hata hivyo, ninadhamiria kuonyesha katika makala haya kwamba maneno tunayotumia kuzungumzia vyombo vya mbao, hasa vile vya miaka mingi, yana uzito mfukoni. Nairobi kuna wanunuzi wa makabati yaliyotengenezwa miaka ya 1950 na 1960, na baadhi ya makabati hayo yamekaa kimya katika nyumba za wazee mashambani yakihifadhi sahani na vyeti vya ubatizo. Anayeuza kwa neno lisilofaa hupunjwa, na anayenunua bila msamiati huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na maneno matatu yanayotatiza: samani, thamani na zamani. Neno 'samani' lina asili yake katika Kiajemi, na Wahindi nao hulitumia kwa maana ya vifaa au mizigo. Katika Kiswahili limejifunga kwenye vyombo vya nyumbani na ofisini kama vile meza, viti na makabati. Kisawe chake ni 'fanicha', lililotoka kwa Kiingereza. 'Thamani' limetokana na Kiarabu, na maana yake ni kima au ubora wa kitu. 'Zamani' pia ni la Kiarabu, lenye maana ya wakati, ila katika Kiswahili limeegemea wakati uliopita. Kwa hivyo, ni sahihi kabisa kusema 'samani za zamani zenye thamani kubwa'. Maneno yote matatu yamo katika sentensi moja na kila moja linafanya kazi yake.

Mbona basi tunayachanganya? Jibu moja limo katika lugha zetu za kwanza. Chukua mfano wa Mwala, Kaunti ya Machakos, ambako wengi huzungumza Kikamba. Katika lugha hiyo sauti /z/ haisimami peke yake. Hutanguliwa na /n/, kama katika majina Nzioka na Nzilani. Sauti /s/ nayo imejaa tele: Masii, Musyoka, Syombua. Nayo 'th' tunayoiona katika jina Kathiani hutamkwa karibu na 'dh' ya Kiswahili kuliko 'th' ya 'thamani'. Matokeo ni kwamba msemaji anaweza kutamka 'samani' akikusudia 'zamani', na 'dhamani' akikusudia 'thamani'. Hili si jambo la kumcheka mtu. Kila jamii ina athari yake ya lugha ya kwanza, na waandishi wengi wa vile vibao vya 'thamani za nyumbani' wala si Wakamba. Dawa ni kuyaandika maneno haya na kuyazoea kwa macho, si kwa sikio tu.

Hatua ya pili ni vivumishi vya umri, na hapa ndipo pesa hupotelea. Hebu sikiliza mazungumzo haya, ambayo nimeyabuni lakini ambayo msomaji atayatambua mara moja:

"Mama, hili kabati kuukuu utaniachia kwa ngapi?"

"Aa, hilo? Lilikuwa la babake mzee wangu. Toa chochote, linanijazia nyumba tu."

Biashara imeisha kabla ya kuanza. Mnunuzi ametumia kivumishi, mwenye mali amekikubali, na bei imeshuka bila hata kutajwa. Kivumishi '-kuukuu' hutaja kitu kilichochakaa kwa matumizi. Kimetokana na uradidi wa '-kuu', na ajabu ni kwamba mzizi mmoja ukisimama pekee huleta ukubwa na heshima, kama katika 'barabara kuu', na ukirudiwa huleta uchakavu, kama katika 'nguo kuukuu'. 'Chakavu' ni jirani yake wa karibu. Hilo ndilo neno la vyuma vinavyonunuliwa kwa kilo.

'Mtumba' nalo lilikuwa robota, yaani furushi kubwa lililofungwa. Nguo zilizokwishavaliwa zilipokuja katika marobota, jina la furushi likawa jina la nguo zenyewe. Leo tunasema 'gari la mtumba' au 'friji ya mtumba' kwa maana ya kitu kilichotumiwa na mwingine. Mtumba haujali umri. Kabati lililotengenezwa mwaka jana na kuuzwa mwaka huu ni la mtumba, lakini si la zamani.

Kivumishi '-kongwe' hutaja kitu chenye umri mrefu ambacho bado kinasimama na kuheshimiwa. Ndiyo maana Wazanzibari wana Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2000 kuwa turathi ya ulimwengu. Jaribu kuuita Mji Kuukuu uone kama mtalii atashuka kwenye boti! 'Kale' nayo huenda mbali zaidi nyuma, na kwa kawaida hutaja enzi iliyokwisha kufungwa: Agano la Kale, mambo ya kale, watu wa kale.

Kwa samani, tofauti hii kati ya 'kale' na 'zamani' ina sura ya kisheria pia. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 nchini Kenya inaeleza kitu cha kale kuwa kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Huo ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Kitu cha namna hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Kwa kipimo hicho, sanduku la mbao lililofika Lamu mwaka wa 1880 ni la kale. Kabati la mwaka wa 1958 ni la zamani tu, hata kama mwuzaji anaapa kwa jina la nyanya yake.

Wazungu wanaokusanya makabati haya huyaita kwa jina linaloweza kututatiza. Kwa tafsiri ya karibu, ni samani za 'usasa wa katikati ya karne'. Jina hilo lilipata umaarufu kupitia kitabu cha Mmarekani Cara Greenberg kilichotoka mwaka wa 1984 kuhusu samani za miaka ya 1950. Sifa zake ni mistari iliyonyooka, miguu inayochongoka kuelekea chini, na uso wa mbao usio na nakshi. Mbao zenyewe mara nyingi ni za msaji au jozi. Ukilinganisha na kasha la Zanzibar lililopigwa misumari ya shaba na kutiwa mapambo, utadhani mafundi wake walikatazwa kuchora hata ua moja. Tatizo letu ni neno 'kisasa'. Katika Kiswahili, cha kisasa ni cha leo. Ukitangaza 'kabati la kisasa', mteja atatarajia lililotoka kiwandani juzi. Ukisema 'la kisasa la zamani', atauliza kama uko timamu. Ninapendekeza tutaje muongo: 'kabati la mtindo wa miaka ya 1950'. Ni maelezo marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtu.

Majina ya vyombo vyenyewe nayo yana mitego. Mtu akikupigia simu kutoka Nairobi na kusema anatafuta 'dresa', utamwonyesha nini? Neno hilo lilitoka Kifaransa, ambako lilihusu kutayarisha, na meza yake ilikuwa ya kuandalia chakula. Mwingereza akalifanya kabati la jikoni la kupangia sahani. Mmarekani akalihamishia chumbani, likawa kabati fupi la droo za nguo. Wengi wetu hapa tukilisikia tunafikiria meza yenye kioo cha kujipambia. Hayo ni makabati matatu kwa jina moja.

'Kredenza' ni kisa kingine. Kwa Kiitaliano neno hili humaanisha imani. Katika nyumba za wakuu wa zamani, chakula kilionjwa kwanza ili kuhakikisha hakina sumu, na meza ya pembeni iliyohusishwa na kazi hiyo ikarithi jina la imani. Leo kredenza ni kabati refu la kimo cha chini, aghalabu lenye milango ya kusukuma kando, linalokaa sebuleni au ofisini. Msomaji asishangae samani kubadilisha maana kiasi hicho. Nasi tuna 'dawati', ambalo katika Kiarabu lilikuwa kidau cha wino, na 'baraza', kibaraza cha kukalia nje ya nyumba kilichogeuka kuwa mkutano wa mawaziri.

Kwa maoni yangu, hatuhitaji kubeba majina yote hayo. Kiswahili kina neno 'kabati', na kina kihusishi cha kulifafanulia: kabati la droo, kabati la vyombo, kabati la nguo, kabati refu la sebuleni. Wenzetu wa pwani wana 'almari' kwa kabati la nguo. Katika mazungumzo utasikia 'kabati ya vyombo', lakini katika maandishi sanifu neno hili liko katika ngeli ya LI-YA: kabati hili, makabati haya. Droo nayo ina majina mawili tuliyokaririshwa shuleni na kuyaacha huko huko, yaani 'saraka' na 'mtoto wa meza'. Mafundi wengi watakuelewa upesi zaidi ukisema 'droo', na hakuna ubaya.

Mwala ina sababu ya pekee ya kujivunia msamiati wa mbao. Wamunyu, iliyo katika eneobunge hili, ndiko kunakotajwa kuwa chimbuko la uchongaji wa vinyago wa Wakamba. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge alijifunza ufundi huo kwa Wamakonde alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Mtu aliyelelewa karibu na karakana za Wamunyu hahitaji kufundishwa kwamba mpingo na muhugu havilingani kwa uzito wala kwa rangi. Ujuzi huo ndio unaohitajika mbele ya kabati. Swali la kwanza la mnunuzi liwe: "Hii ni mbao ya nini?" Majibu yanatofautiana sana kibei. Mvule, msaji na mkangazi ni mbao ngumu. Saipresi ni laini. Ukambani kuna pia mukau, mti unaostahimili ukame na ambao mbao zake haziliwi kwa urahisi na mchwa. Jina la Kikamba limeingia katika Kiswahili cha mafundi bila kubadilika, na liachwe hivyo.

Swali la pili: "Droo zimeungwa vipi?" Ivute nje uitazame pembeni. Kwenye kazi nzuri, mbao mbili hushikana kwa meno yaliyochongwa, mfano wa vidole vya mikono miwili vilivyoingiliana. Misumari mitupu ni dalili ya haraka au ya ukarabati. Swali la tatu ni kuhusu mgongo na ubavu. Ukikuta MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, jua kwamba ubao huo ulianza kutengenezwa kibiashara katika miaka ya 1960. Ukiambiwa kabati lote ni la mwaka wa 1952, basi ama mwaka si wa kweli au sehemu hiyo si ya asili.

Usikimbilie hata hivyo kusema 'feki' ukiona venia, yaani tabaka jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao nyingine. Mafundi mashuhuri wa miaka hiyo waliitumia sana. Kagua tu kama imebanduka kwenye kingo. Angalia pia bawaba, kitasa na vishimo vidogo vinavyomwaga unga. Hivyo ni kazi ya wadudu, na vanishi haiviponyi.

Kwa mwenye kuuza, ushauri wangu ni mfupi. Kabla ya kutaja bei, taja aina ya mbao, muongo, na historia ya kabati kama unaijua. Mnunuzi akisema 'kuukuu', mrekebishe kwa upole: "Si kuukuu, ni la zamani." Kama kabati limeoza kweli, mwache aseme 'chakavu', na umwuzie kwa bei ya chakavu.

Wahenga waliyaona haya. Walituonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, kwa kujua jinsi macho yetu yanavyopumbazwa na kinachong'aa dukani. Tena walisema kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa: kamba nene, hata ikizeeka, haiwezi kulinganishwa na ukambaa mpya uliosukwa jana. Kabati la mvule lenye miaka 60 ni kamba ya aina hiyo, na mwenye nalo anapaswa kuwa na maneno ya kulisemea kabla halijapakiwa kwenye pikapu.